Toba ya kaumu Yunus na toba ya Firauni

SWALI: Assalamu alaykum ustadh. Katika Qur'ani, sura Ghafir aya ya 85 yasema imani haiwafai watu wakishaiona adhabu. Lakini sura Yunus aya ya 98 yasema hakuna mji ulioamini ukafaidika na imani yake isipokuwa kaumu Yunus, yaani watu wa Nabii Yunus: waliamini, wakaondolewa adhabu. Hapa hapagongani? — Msomaji, Kibokoni, Mombasa

JIBU: Waalaykumu salaam. Usianzie aya ya 98; rudi nyuma hadi ya 90, sura iyo hiyo. Firauni atamka imani pale gharika ilipomfika, na aya ya 91 yamjibu: "Sasa?" Maji yako kooni, hana tena la kuchagua. Kaumu Yunus, kwa kauli ya baadhi ya wafasiri (wanazuoni waifafanuao Qur'ani), waliona dalili za adhabu, haijawashukia. Mlango ulikuwa bado wazi. Wako wanaosema waliiona hasa, wakasamehewa wao peke yao, na neno "isipokuwa" katika aya ya 98 laweza kubeba maana hiyo. Mimi naona kauli ya kwanza ina nguvu zaidi, kwa kuwa yaenda sambamba na An-Nisaa aya ya 18: hana toba anayengoja mauti yamhudhurie ndipo aseme ametubu.

Kosa la kawaida darasani ni kuichomoa aya moja na kuipiga na nyingine. Tazama kwanza adhabu imefika wapi: imeahidiwa, imekaribia, au imeshika? Kisha soma As-Saffat 147 na 148: watu hao wa Yunus, 100,000 au zaidi, waliamini, wakastareheshwa kwa muda.