Kula Mji Mkongwe: Uliza Saa Kabla ya Kuuliza Mkahawa

Katika wiki yangu ya kwanza Unguja, mwaka 2014, nilitoka nyumbani Mkunazini saa tatu na nusu asubuhi kutafuta vitumbua, nikakuta chuma kimeshapoa na mama muuzaji anafagia majivu mbele ya kizingiti chake. "Vimekwisha, mwanangu. Vitumbua ni vya alfajiri," aliniambia, nami nikaishia kunywa chai katika mkahawa wa wageni kwa fedha ambazo zingenilisha kutwa nzima. Kosa hilo nililirudia kwa namna nyingine mara kadhaa: nilifuata biriani saa kumi alasiri nikapewa ukoko, na nilikwenda kutafuta urojo saa nne asubuhi, mbatata zikiwa bado zinamenywa. Niliishi mtaani hapo miaka sita, na kila ndugu anayevuka bahari kutoka Dar es Salaam akaniuliza ni mkahawa gani mzuri Mji Mkongwe, namjibu kwa kumuuliza anakusudia kula saa ngapi.

Sababu yake ni kwamba sehemu kubwa ya chakula kizuri cha mji huu haipikwi mkahawani. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na jiko la biashara mara nyingi ni ubaraza wa mtu wenye seredani moja na sufuria mbili. Mpishi wa namna hiyo hupika kiasi anachojua kitamalizika, kwa kuwa hana mahali pa kukilaza chakula. Kwa hiyo ukifika katika saa yake, unakula kitu kilichotoka motoni muda huo huo, na ukichelewa, unakuta kimekwisha au, vibaya zaidi, unapashiwa moto cha mwenzio alichokikataa.

Asubuhi, basi, toka mapema. Kati ya saa kumi na mbili na saa mbili, pita katika vichochoro vya Mkunazini, Kiponda na Malindi, ufuate harufu ya iliki. Utakuta vitumbua vya mchele na nazi, mandazi, chapati, na pengine mkate wa kumimina, ambao nakusihi usiuache ukiuona, kwa sababu haupatikani kila siku. Msalimie muuzaji kabla ya kuuliza bei. Shikamoo kwa mtu mzima hailipiwi, nayo hufungua mazungumzo ambayo yatakufikisha kwenye nyumba usiyoijua. Kama wewe ni mtu wa kitu kizito asubuhi, sogea Darajani kwenye supu na chapati. Soko la hapo lilijengwa mwaka 1904, na jina la mahali linatokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, kabla mkono huo haujafukiwa. Mpaka leo watu wa pande zote mbili hukutana hapo kununua samaki na mboga, ndiyo maana supu yake hupikwa kwa ajili ya mchukuzi na mchuuzi aliyeamka kabla ya adhana, watu wasiokubali maji matupu.

Chakula cha mchana hakinipi shida kukishauri. Nenda mkahawa wa Lukmaan, pale Mkunazini penye mbuyu, si mbali na kanisa la Kianglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Vyakula vimepangwa mbele yako, nawe unaonyesha unachotaka: wali wa nazi, mchuzi wa samaki, pweza wa nazi, mchicha, maharage, pilau. Ushauri wangu ni ufike mapema, kabla ya msongamano wa wanaotoka maofisini, na siku ya Ijumaa ukumbuke kwamba shughuli nyingi za mji husimama kwa ajili ya swala, hivyo panga kula kabla au baada yake.

Saa yenyewe ya Mji Mkongwe, kwa maoni yangu, ni alasiri, kuanzia saa kumi, jua linapoanza kupunguza ukali na urojo unapoanza kuchotwa. Mgeni huusikia urojo ukiitwa supu, akautarajia uwe kama supu nyingine, kisha anashangaa kuona bakuli lenye rangi ya manjano na vitu kadhaa ndani yake. Pale Vuga nilikuwa na kawaida ya kusimama kando nikitazama mkono wa muuzaji kabla sijaagiza. Kwanza huweka mbatata zilizochemshwa, akazivunja kwa ncha ya kijiko. Juu yake bajia na kachori. Kisha hummiminia mteja urojo wenyewe, ambao ni uji mwepesi wa unga uliotiwa bizari na kuchachushwa kwa embe mbichi au ndimu. Hapo ndipo huja chatini ya nazi, pilipili, mshikaki mmoja au miwili iliyochomolewa kwenye kijiti, yai ukipenda, na mwisho kabisa muhogo mkavu uliokaangwa, ambao hunyunyizwa juu ili usilainike kabla hujaanza kula. Mpangilio huo una maana yake: kijiko cha kwanza kinakwaruza, cha mwisho kinateleza, na ukali wa embe unakufuata mpaka chini ya bakuli. Muuzaji anayevichanganya vyote kwa wakati mmoja kwa sababu ana haraka, mimi simrudii. Na ukiulizwa kama unataka pilipili, sema kidogo kwanza, kwa maana kuongeza kunawezekana na kupunguza hakuna.

Jioni kila mtu atakuelekeza Bustani ya Forodhani, ufukweni mbele ya Ngome Kongwe. Sitakukataza kwenda. Ni mahali pazuri, pamekarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009, na vijana wa mjini bado huja pale kujirusha baharini magharibi inapokaribia. Lakini nenda ukiwa na macho. Mwaka wangu wa pili nilimpeleka mgeni wangu, tukachaguliwa pweza, kamba na samaki kutoka kwenye meza iliyopangwa kwa kupendeza, bila kutajiwa bei. Hesabu ilipokuja, ilikuwa mara tatu ya tulivyodhani, na yule pweza alikuwa mgumu, ameshapashwa moto zaidi ya mara moja. Liliniuma sana, kwa sababu mgeni aliuhukumu mji mzima kwa sahani ile. Tangu siku hiyo nina utaratibu ambao haujaniangusha. Nauliza bei ya kila kitu kabla hakijagusa moto. Nakula kile tu kinachoanza kupikwa nikiwa nimesimama hapo: juisi ya miwa inayokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, mishkaki mibichi inayowekwa juu ya makaa, na ile wanayoiita pizza ya Zanzibar, ambayo wenyeji wengine huijua kwa jina la mantabali. Kinyunya husukumwa mpaka kikawa chembamba kama karatasi, kikatiwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, kikakunjwa pembe nne na kukaangwa mbele ya macho yako. Samaki na pweza nawanunua Darajani na kuwapika nyumbani.

Mikahawa ya juu ya paa katika hoteli za Hurumzi na Kiponda ina mandhari ambayo huwezi kuipata chini, lakini inataka uweke nafasi mapema na uwe na mfuko ulioshiba. Kwenda mara moja kwa safari kunatosha.

Ukishamaliza kula, ingia ndani ya mji mpaka Jaws Corner, makutano ya vichochoro yenye baraza pande zote. Kahawa chungu hutoka kwenye dele lililokaa juu ya makaa, humiminwa katika vikombe vidogo visivyo na mkono, na huambatana na kipande cha kashata. Kaa barazani kama wanavyokaa wengine, sikiliza siasa na mpira, na usianze kupiga picha za wazee bila idhini yao.

Ukija mwezi wa Ramadhani, saa zote nilizozitaja zinageuka. Mchana sehemu nyingi hufungwa, na kula au kunywa hadharani ni kuwavunjia heshima watu waliofunga, hata kama wewe hufungi. Nunua mahitaji yako mapema na ule ndani. Karibu na magharibi, nenda Darajani uone sambusa, kaimati na mikate ya ufuta inavyogombewa, na jirani akikuita kufuturu, usikatae. Muhogo wa nazi, tambi na uji wa pilipili manga nilivyokula ubarazani kwa yule mama wa vitumbua, mwaka ule ule wa 2014, sijavipata katika mkahawa wowote wa mji huo.