Kabla ya Seva, Zijue Betri: Kwa Kijana wa Kigoma Anayetaka Kazi za Mitandao

Mwezi huu nimepigiwa simu na vijana watatu wa huku kwetu, wawili wa Ujiji na mmoja wa Kasulu, na swali lao ni moja: "Kaka, nataka kuingia kwenye mambo ya mitandao na vituo vya data. Nianze na kozi gani?" (Kituo cha data ni jengo la seva, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta na simu za watu wengine.) Kila mmoja nilimjibu vipande vipande. Leo naandika jibu zima, na kama una mdogo wako mwenye swali hilohilo, mpe asome.

Anza na umeme. Najua sicho ulichotarajia. Ulitegemea nikutajie ruta, seva na vyeti, na hivyo tutafika. Lakini vijana wengi niliowaona wakikwama kwenye kazi hii walijua kusanidi swichi, kile kifaa kinachounganisha kompyuta kwenye mtandao, na hawakujua kwa nini swichi imezima.

Mimi niliingia mwaka 2015 kama kibarua wa mkandarasi aliyekuwa akihudumia minara ya simu mkoani. Wakati huo Kigoma haikuwa kwenye gridi ya taifa, mji ukiishi kwa majenereta ya dizeli. Kazi niliyopewa ilikuwa kufagia kontena la vifaa, kupima betri kwa multimita na kuandika namba daftarini. Betri nne za volti 12 zikiungwa kwa mfululizo hutoa volti 48, ndizo zinazotumika kwenye vifaa vingi vya mawasiliano. Chaji ikiwa imekaa sawa, unasoma karibu volti 54. Miezi mitatu niliandika 54, 54, 53.8, nikiona kama napotezewa muda wangu.

Kisha tukafungua kontena moja upande wa barabara ya Manyovu ambalo kiyoyozi chake kilikuwa kimekufa muda mrefu. Hewa iliyotoka mlangoni ilikuwa kama ya tanuri la mikate. Betri zilikuwa zimevimba ubavuni hadi hazitoki kwenye fremu, na moja ilikuwa imepasuka kwenye kona, unga mweupe umeota kwenye nati. Zilikuwa hazijafika hata nusu ya umri ulioandikwa. Fundi mkuu wetu, mzee mmoja mpole, akaniambia kanuni ambayo sijaisahau: kila joto likizidi nyuzijoto 25 kwa nyuzijoto 10, maisha ya betri za asidi yanapungua karibu nusu. Betri ya miaka 10 inakuwa ya miaka mitano. Ukiifungia kwenye bati juani, usishangae ikikuzimikia usiku wa kwanza jenereta likigoma.

Miaka michache baadaye nilikwenda Dar es Salaam kwenye usaili wa kituo cha data. Nilikesha nikikariri mambo ya mitandao. Swali la kwanza likawa: "Umeme wa nje umekatika, jenereta halijawaka, una dakika ngapi na unaangalia nini kwanza?" Nikawaeleza kuhusu betri, mzigo uliopo, mafuta, betri ndogo ya kuwashia jenereta yenyewe ambayo watu huisahau, na joto la chumba linavyopanda mara viyoyozi vikisimama. Nilizungumza kama mtu anayesimulia kijiji chake. Kazi nikaipata. Nilichokikuta mle ndani ni kontena la barabara ya Manyovu lililokuzwa mara mia: njia mbili za umeme badala ya moja, kila seva na waya mbili za kuingiza umeme, vipoza hewa vya kupokezana. Mantiki ni ileile.

Kwa hiyo kama uko chuo cha ufundi cha VETA unasoma umeme, usiache ukimbilie kompyuta. Umeshaanza. Na wewe fundi wa majokofu unayehangaika na vyumba vya baridi vya samaki pale Kibirizi, ujue vituo vya data vinahitaji watu wa kupoza kama vinavyohitaji watu wa programu, na wanaoijua kazi hiyo sawasawa ni wachache.

Jambo la pili ni athi, yaani njia ya kupeleka umeme wa radi na wa hitilafu ardhini. Huku kwetu mvua zinapoanza Novemba, radi hazina simile. Nguzo ya athi iliyochomekwa kwa haraka ni kama haipo. Ukinzani wake sisi tulitakiwa tusizidi omu 5, na tulipima kiangazi, udongo ukiwa mkavu, kwa sababu masika kila athi inaonekana nzuri. Omba ushike kipimo mwenyewe.

Faiba, nyuzi za kioo zinazobeba mawasiliano kwa mwanga, nayo ina utamu wake. Mkongo wa Taifa ulioanza kujengwa mwaka 2009 unafika Kigoma, na pale Manyovu unavuka kwenda Burundi. Katapila la barabara likiukata, mtu lazima ainame shimoni auunge. Uzi mmoja una unene wa maikroni 125, na njia ya mwanga katikati yake ni maikroni 9 tu. Chembe moja ya vumbi jekundu la Kasulu inatosha kuharibu kiungo. Tulikuwa tunafunga turubai pande tatu, tunamwagia maji ardhi kuzunguka meza, tunafuta uzi kwa spiriti, tunakata, tunaweka kwenye mashine ya kuunga, tunashusha pumzi. Ikisoma upotevu wa mwanga unaozidi desibeli 0.1, unakata na kurudia, hata kama ni saa nane usiku. Kariri mpangilio wa rangi kumi na mbili za nyuzi, kuanzia buluu, chungwa, kijani, kahawia, mpaka samawati. Kwa mwanga wa tochi kijivu na nyeupe ni mapacha, na ukiwabadilisha, wateja wawili tofauti wanalala bila mawasiliano.

Hapo kwenye kubadilisha nina kidonda changu. Mwaka 2018, kwenye chumba kimoja cha vifaa, nilichomoa waya nikiamini ni wa laini iliyokufa. Haukuwa na lebo. Dakika kumi baadaye simu ikalia: hospitali moja imepoteza mfumo wake wa wagonjwa, watu wamejaa dirishani. Tulirudisha, lakini nilibaki nimesimama na ule waya mkononi nikimfikiria mama aliyekuwa kwenye foleni na mtoto mgongoni. Tangu siku hiyo sigusi waya nisioujua unakotoka na unakokwenda. Andika lebo pande zote mbili. Andika daftari. Fundi anayeandika ni hazina, na anapandishwa cheo haraka kuliko anayejivunia kumbukumbu yake.

Sasa ndiyo uje kwenye mitandao yenyewe. Kwa CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, programu ya kuigiza mitandao iitwayo Packet Tracer ni ya bure na kompyuta ya kawaida inaibeba. Jifunze kugawa anwani za IP, zile namba zinazotambulisha kila kifaa mtandaoni, kwa kalamu na karatasi kwanza. Zaidi ya yote jifunze kutafuta tatizo liko wapi. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, wateja walitulaumu sisi wa mkoani. Nilipopima njia hatua kwa hatua, Kigoma hadi Dar ilikuwa salama, seva za ndani ya nchi zikajibu, za nje nyingi zikakaa kimya. Ndani ya robo saa tulijua hakuna wa kumtuma mnarani. Uwezo huo wa kusema "hapa ni pazima, pabovu ni pale" ndio unaolipwa.

Neno moja la usalama, na hapa sina mzaha. Usipande mnara bila mkanda na mafunzo, hata bosi akisema ni dakika tano. Na anayekutaka utoe hela ili akupe kazi, mwache.

Yule kijana wa Kasulu ana duka dogo la sola, anauza paneli na kubadilisha betri za watu. Alipoona namuuliza habari za volti badala ya kozi, alidhani nimeona hafai. Nimemwambia anunue daftari la kurasa 200, na kila betri inayoingia dukani aandike tarehe, volti kabla ya kuchaji, volti baada ya kupumzika kwa muda wa saa kumi na mbili, na mahali ilipokuwa imewekwa nyumbani kwa mteja. Mwezi wa kumi na mbili nitapita Kasulu. Tutakaa nalo mezani, yeye na mimi.