Msiulize ipi inavutia, ulizeni ipi inafunguka

Swali lenu la wiki linasema: "Kati ya pikipiki mpya zinazoingia madukani, ipi inakuvutia na kwa nini?" Kwa watu wa Tabora swali hilo lina kasoro. Dukani zote zinavutia. Anayetaka chombo cha kubebea magunia ya mkaa kati ya Kaliua na Ulyankulu anawaza kitu kingine kabisa: ikizima porini, na mwenyewe ana spana mbili na bisibisi, itawaka?

Kwa kipimo hicho injini ya CG, ile ya Honda CG125, bado haijapata mpinzani. Honda waliitoa mwaka 1976 wakifikiria nchi ambako pikipiki haioni sevisi, wakaiwekea fito za kusukuma valvu badala ya cheni ya taiming. Viwanda vya China vimeinakili mpaka leo, ndiyo maana iko kila stendi kwa majina chungu nzima. Tapeti zake, yaani skrubu za kupanga nafasi kati ya roka na valvu, mtu anazirekebisha kabla ya chai. Injini iwe imelala baridi usiku kucha. Toa plagi, fungua kifuniko cha juu, zungusha magineti mpaka alama ya T ikae sawa na alama ya kava. Shika roka zote mbili, vile vikono vinavyobonyeza valvu. Zikiwa zimebana, zungusha tena raundi moja nzima mpaka zicheze. Kisha pitisha bapa la kupimia la milimita 0.08 kati ya skrubu ya tapeti na ncha ya valvu. Likipita huku likikwaruza kidogo, kaza nati, halafu pima tena, kwa sababu nati huondoka na skrubu wakati wa kukaza. Wengi wanaharibu hapo hapo: wanabana mpaka kelele iishe. Tapeti isiyolia kabisa mara nyingi haina nafasi, valvu ya ekzosi haikai vizuri kwenye kiti chake, haipoi, inaungua, na asubuhi unapiga kiki mpaka jasho likutoke. Heri ilie kidogo.

Boxer na TVS HLX zina cheni ya taiming, lakini nazo zinafunguka bila shida. Zinazokera ni hizi mpya za injekta, zisizo na kabureta, ambazo petroli inasukumwa na pampu ya umeme na kupimwa na kompyuta.

Iko moja iliyoletwa gereji pale Isevya juu ya kirikuu ikitokea Ulyankulu. Mpya, bado ina nailoni kwenye siti. Ilikuwa imezima njiani kama taa. Kijijini walishabadilisha plagi, wakachaji betri, wakaisukuma kwenye mteremko, wapi. Gereji nayo ikaanza na koili, kwa vile koili ilikuwepo kwenye shelfu. Jioni ndipo mzee mmoja, fundi wa jenereta, akawaambia wazime redio na wafungue swichi. Pikipiki ya injekta ukifungua swichi, pampu iliyo ndani ya tangi hulia sekunde mbili au tatu ikijaza presha, kisha hunyamaza. Hii ilikuwa kimya. Fyuzi nzima. Wakachomoa soketi ya pampu wakaweka taa ya kujaribia, wakafungua swichi tena: taa ikawaka. Umeme unafika, basi pampu yenyewe ndiyo imekufa.

Walipoitoa, kile kijifuko cha chujio chini yake kilikuwa na rangi ya udongo wa barabarani, na chini ya tangi kulikuwa na maji. Maji ni mazito kuliko petroli, yanatulia chini, na pampu inavuta kutoka chini. Hiyo ndiyo petroli ya chupa. Mtungi ule ule ukiuingiza kwenye pikipiki ya kabureta, inakohoa, unalegeza skrubu ya bakuli la kabureta, maji yanatoka na uchafu wake, unakaza, unaondoka. Hapa kijifuko kilioshwa, lakini mota ilishajikaza. Pampu ikaagizwa Mwanza, ikaja na basi, na kirikuu kikalipwa mara ya pili. Kabla ya kuifunga mzee yule akashikilia tangi lishushwe na kusuuzwa kwa petroli safi. Alikuwa sahihi. Pampu mpya kwenye tangi chafu ni kutupa hela.

Alisema pia jambo ambalo halisemwi dukani. Pampu ya ndani ya tangi inapozwa na petroli inayoizunguka. Bodaboda wetu anaweka mafuta ya elfu mbili, anakimbia mpaka tangi likauke, anaweka tena ya elfu mbili. Pampu inayosukuma kwa presha ya karibu psi 43, zaidi ya upepo wa tairi la nyuma, inafanya kazi kutwa nzima bila kitu cha kuipoza. Maji yalimalizia tu.

Nikiandika hivi naona lawama inaanza kuhama kutoka kwenye chombo kwenda kwenye kidumu. Na nikihesabu injini za CG zilizokufa kabla ya wakati, nyingi hazikuuawa na ugumu wa kuzitengeneza. Ziliuawa na urahisi wake. Kila anayepita stendi anaigusa skrubu ya hewa ya kabureta. Mwingine anang'oa ea klina "ipumue", mchanga wa Urambo unaingia, ringi na silinda zinalika, moshi wa bluu. Kwenye injekta mchanganyiko wa hewa na mafuta unapangwa na kompyuta, hakuna skrubu ya kuchezea. Kazi nyingine zote za mwenye chombo zimebaki pale pale: oili, plagi, tapeti, ea klina, cheni yenye mchezo wa milimita 20 hadi 30 ikipimwa katikati.

Kwa hiyo mkinibana nijibu swali lenu kama lilivyo, nitasema ya injekta. Inakula mafuta kidogo na asubuhi inawaka. Ila iwe ya mtu wa Tabora mjini au Nzega, anayejaza kituoni na haachi tangi lishuke chini ya robo. Na kabla ya kulipa aulize maduka ya spea, si muuzaji, kama pampu ya modeli hiyo ipo mjini leo. Kama jibu ni "tutakuagizia", au kama yeye ni wa Ulyankulu na mafuta yake ni ya chupa, achukue CG, na ile skrubu ya hewa aitie rangi ya kucha ili ajue nani ameigusa.