Maswali na Majibu: Tonga na raga ya wachezaji 13

Swali: Mchezo huu una tofauti gani na ule wa Shujaa wa Kenya? (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Shujaa, timu ya taifa ya Kenya, hucheza raga ya wachezaji 7, iliyotokana na ile ya 15. Katika raga ya 13 timu yenye mpira huruhusiwa kukabwa mara 6, kisha mpira huenda kwa wapinzani. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi 4.

Swali: Tonga, ufalme wa visiwa vya Pasifiki wenye watu wapatao 100,000, umewapata wapi wachezaji wa kuifunga Australia? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Wengi wao hawakulelewa Tonga. Ni watoto na wajukuu wa Watonga waliohamia Auckland, New Zealand, na Sydney, Australia, na kanuni humruhusu mchezaji kuiwakilisha nchi ya wazazi wake au ya babu na bibi zake. Kwa miaka mingi kila aliyeng'ara alichukuliwa na New Zealand au Australia. Mambo yaligeuka mwaka 2017, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia, pale Jason Taumalolo alipoiacha New Zealand na Andrew Fifita akaiacha Australia ili wavae jezi nyekundu ya Tonga, ambako malipo yalikuwa haba mno. Katika Kombe hilo, mjini Hamilton, New Zealand, Tonga ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma 16-2 dhidi ya New Zealand, ikarudi na kushinda 28-22. David Fusitu'a peke yake alipachika trai tatu. Mitaa ya Otahuhu, Auckland, ilijaa bendera.

Swali: Je, Tonga walidhulumiwa katika nusu fainali ya Kombe hilo la 2017? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Uingereza ilikuwa ikiongoza 20-0 zikiwa zimebaki dakika 7 hivi, Tonga ikapachika trai tatu na kufikisha 18. Katika sekunde za mwisho Fifita aliukimbilia mstari, mpira ukamtoka mikononi alipokabwa, na mwamuzi akapuliza filimbi bila kuomba marudio ya video. Naamini uamuzi wenyewe ulikuwa sahihi. Kilichowauma Watonga, na kwa haki, ni kutotazamwa upya.

Swali: Tonga waliifunga Australia lini? (Msomaji, Muscat)

Jibu: Tarehe 2 Novemba 2019, uwanjani Eden Park, kwa 16-12. Ajabu ni kwamba siku hiyo walicheza kama timu ya mwaliko, kwa kuwa chama chao cha taifa kilikuwa kimesimamishwa kufuatia mgogoro uliomhusu kocha Kristian Woolf, ambaye wachezaji walisimama upande wake. Mwaka 2024 walikutana tena na Australia katika fainali ya Ubingwa wa Pasifiki, wakafungwa 20-14.