Makapu mawili, wastani mmoja: lipi lina hatari zaidi?

SWALI: Kikundi chetu cha wakulima kina akiba ya fedha za mbolea. Tumeletewa makapu mawili ya uwekezaji, kila moja lina hisa, hatifungani na vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Faida ya miaka mitano kwa asilimia: A ni 2, 14, 8, 20, 6, B ni 18, 6, 12, 0, 14. Wastani ni 10 kote, mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi faida zinavyotawanyika mbali na wastani) 6.3 kote. Tumeambiwa ni sawa tu. Ni kweli?
Mweka hazina, Uyole, Mbeya

JIBU: Si kweli, ndugu mweka hazina. Mkengeuko sanifu huhesabu mwaka uliopaa hadi 20 kuwa hatari kama ule ulioanguka hadi 0. Kinachowaumiza ninyi ni fedha kupungua mvua za Novemba zinapokaribia na mbolea inatakiwa. Hata Harry Markowitz, mchumi aliyeanzisha hesabu hiyo ya wastani na mtawanyiko mwaka 1952, alikubali mwaka 1959 kwamba kupima upande wa chini peke yake kuna mantiki zaidi. Alibaki na njia ya kwanza kwa sababu ilikuwa rahisi kukokotoa.

Anzeni na lengo: faida ya chini kabisa itakayowezesha akiba kununua mifuko ileile ya mbolea mwakani. Tuseme 8. Mwaka ulioishia chini ya 8, chukueni pengo lake mlizidishe kwa lenyewe. Uliofika 8 au kuvuka, andikeni sifuri. A ina mapengo ya 6 na 2, yaani 36 na 4, jumla 40. Gawanyeni kwa 5 mpate 8; kipeuo chake cha pili ni 2.83. B ina mapengo ya 2 na 8: 4 na 64, jumla 68, kwa 5 ni 13.6, kipeuo 3.69. Wastani umezidi lengo kwa 2; gawanyeni 2 hiyo kwa kila kipimo. A inapata 0.71, B 0.54. Huu ni uwiano wa Sortino, na ulio mkubwa ndio bora. Sisi tungechukua A.

Wengi hukosea kwa kugawanya kwa miaka mibaya tu. Ukifanya hivyo, kapu lililoteleza mara moja katika miaka kumi litaonekana baya sawa na linaloteleza kila mwaka. Tena, msipime hisa peke yake na hatifungani peke yake kisha mkatafuta wastani wa vipimo: changanyeni kwanza faida za kipindi kimoja kwa uzito wake, ndipo mpime. Na namba tano, moja kwa kila mwaka, ni chache mno. Ombeni faida ya kila mwezi kwa miezi 60. Lengo la 8 kwa mwaka ni kama 0.64 kwa mwezi.

SWALI: Hisa yangu katika Soko la Hisa la Dar es Salaam haijasogea bei kwa wiki nyingi. Kipimo cha hatari kinatoa karibu sifuri. Niko salama?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Hapana. Mara nyingi bei husimama kwa sababu hakuna anayenunua wala kuuza. Pima kwa robo mwaka, jumlisha gawio (faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa), kisha angalia ni hisa ngapi zinauzwa kwa siku. Zikiwa chache kuliko ulizonazo, ukitaka fedha haraka utalazimika kushusha bei.