Unataka kuhamia Linux? Usianze na Linux

Kila nikisikia mtu anasema "nimechoka na Windows, wikiendi hii nahamia Linux" huwa namwambia tulia kwanza. Sio kwamba siipendi Linux, ule mfumo endeshi huria wa kuweka badala ya Windows, kompyuta yangu inaendeshwa na Linux na nitaitetea mpaka kesho, ila nimeshaona watu kibao wanafomati mashine usiku, siku chache baadaye wanarudi walikotoka wamenuna na kutangaza kwamba Linux ni ya mainjinia tu. Walibadilisha kila kitu kwa mpigo, mfumo mpya, programu mpya, vitufe vipya, halafu faili moja likigoma kufunguka mtu hajui hata amlaumu nani.

Kwa hiyo mimi nashauri kinyume na mashabiki wenzangu wengi wa programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu: mfumo endeshi uwe kitu cha mwisho kubadilisha. Anza na programu, ukiwa hapohapo kwenye Windows yako. Firefox ya intaneti, LibreOffice ya nyaraka za ofisi, VLC ya kuangalia video, Krita kama unachora, Kdenlive ya kuhariri video, OBS ya kurekodi skrini, Blender kwa michoro ya 3D, zote zinapatikana Windows na zinapatikana Linux, na ni zilezile. Zitumie kwa kazi zako za kweli, sio unafungua, unachungulia menyu, unafunga. Ukizizoea mpaka ukasahau zile za zamani, siku ya kuhama mfumo utajiona kama hujahama, kilichobadilika ni muonekano tu na mahali pa kuzimia mashine.

LibreOffice niiongelee kidogo maana ndo inayotukanwa kuliko zote. Mtu anatumiwa faili la docx, yaani la Word, analifungua, jedwali limehama, kichwa cha habari kimerukia ukurasa wa pili, basi programu mbovu. Mara nyingi shida ni fonti, yaani muundo wa herufi. Waraka umeandikwa kwa Calibri, Calibri ni ya Microsoft na Linux haiji nayo, sasa programu inachukua fonti nyingine iliyopo karibu, herufi zake zina upana tofauti kidogo, neno linasukuma neno, mstari unasukuma mstari, ukifika ukurasa wa nne mambo yote yameshaharibika. Dawa yake ipo na ni ya bure: kuna fonti inaitwa Carlito, herufi zake zimetengenezwa kwa upana uleule wa Calibri, kuna Caladea badala ya Cambria, na kuna Liberation badala ya Arial na Times New Roman. Ziinstoli kisha ufungue faili lilelile uone. Ila kama kazi yako ni Excel zenye makro nzito (amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya faili) zinazozunguka ofisi nzima, sikudanganyi, LibreOffice itakutesa, baki ulipo.

GIMP, ya kuhariri picha, nayo watu wanaigombania sana. Kwangu inatosha, na tangu toleo la 3.0 lilipotoka 2025 unaweza kuweka madoido kwenye picha halafu ukarudi kuyarekebisha bila kuharibu picha yenyewe, kitu tulichokililia miaka na miaka. Mbunifu anayelipwa kwa Photoshop simwambii kitu.

Sasa programu umeshazizoea, twende kwenye mfumo. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kijenzi cha usalama ndani ya kompyuta, na prosesa za karibuni, kwa hiyo kuna mashine nzima kabisa zimeambiwa zimezeeka wakati hazina hata mkwaruzo. Hizo ndo Linux inazipenda. Kuhusu distro gani, yaani aina gani ya Linux, usipoteze usingizi: Linux Mint kama unataka kitu kinachofanana na ulichozoea, Fedora kama unapenda vitu vipya vipya, na wale wanaokwambia uanze na Arch, ambayo ni ngumu kwa mgeni, wana lao jambo. Zote chini yake ni kernel, yaani kiini cha mfumo, ileile aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 1991.

Usiguse diski kabla ya kuiwasha Linux kutoka kwenye flashi. Mint na Fedora zote zinawaka zikiwa kwenye flashi bila kuandika chochote kwenye kompyuta yako, kaa nayo humo jioni nzima. Jaribu waifai, jaribu sauti, jaribu kamera, vitufe vya kupunguza mwanga, halafu lile ambalo watu wanalisahau, funika laptopu ilale kisha ifunue uone kama inaamka. Ikikataa kuamka hapo, kuna uwezekano mkubwa itakataa na baadaye, bora ujue mapema. Na kama utaziweka Windows na Linux pamoja, nenda kazime Fast Startup, ile setingi ya kuwaka haraka, upande wa Windows, kwa sababu ikiwa imewashwa Windows huwa haizimiki kabisa, inalala nusu na kuacha diski imefungwa, ukija upande wa Linux unakuta unaweza kusoma faili zako lakini huwezi kuandika.

Magemu sasa, maana najua wengine mmeruka yote hayo juu mkaja hapa moja kwa moja.

Hali imebadilika kuliko watu wanavyodhani. Wine, ile programu ya kuendesha vitu vya Windows ndani ya Linux, ipo tangu 1993 na kwa miaka mingi kuitumia ilikuwa kazi ya kubahatisha. Mwaka 2018 Valve, wenye duka la magemu la Steam, wakatoa Proton, ambayo ni Wine iliyoboreshwa kwa ajili ya magemu na kuwekwa ndani ya Steam, halafu 2022 wakatoa Steam Deck, kifaa cha mkononi kinachotumia Linux, kwa hiyo ikawa biashara yao wenyewe kuhakikisha magemu yanawaka. Leo gemu la kucheza mwenyewe unabonyeza tu linawaka, mengi hata hugusi setingi. Mawili ya kuzingatia: usiliendeshe gemu kutoka kwenye patisheni ya NTFS, yaani sehemu ya diski iliyoandaliwa kwa ajili ya Windows, linaleta vituko, na kuna folda inaitwa compatdata ndani ya steamapps, humo ndimo Proton inamotengeneza ka-Windows kadogo kwa kila gemu, na kwa magemu mengi sevu zako zinakaa humohumo. Ukiifuta kusafisha nafasi, na gemu halihifadhi sevu mtandaoni, imekula kwako.

Ila kama maisha yako ni Valorant au Fortnite, acha kabisa, hayachezeki Linux kwa sababu ya programu za kuzuia wachezaji wanaodanganya. Na hapo sio Linux iliyoshindwa. Easy Anti-Cheat na BattlEye, mbili kati ya programu hizo za kuzuia udanganyifu, zote zina uwezo wa kufanya kazi na Proton, ni mwenye gemu anayeamua kuruhusu au la. Apex Legends lilikuwa linachezeka vizuri tu, mwaka 2024 wenyewe wakafunga mlango. Angalia ProtonDB, tovuti inayoonyesha magemu gani yanawaka Linux, kabla hujatoa hela.

Na hapa ndo uhuria unaponigusa kuliko hata kwenye mifumo endeshi. The Crew, gemu la magari, lilitoka 2014, wenye gemu Ubisoft wakazima seva 31 Machi 2024, na kwa kuwa lilidai intaneti hata ukicheza peke yako, walionunua wakabaki na ikoni. Doom ni gemu la 1993, msimbo wake ukaachiwa wazi kwa watu 1997, na mpaka leo linachezwa kwenye kila kitu chenye skrini. Kwa hiyo gemu linalotegemea seva za kampuni tu mimi nalihesabu kama nimekodi, sinunui bei kamili, na kama lipo GOG, duka jingine la magemu, nalinunua huko maana nashusha faili la kuinstoli naliweka kwenye diski yangu.

Magemu huria yenyewe hayafanani ubora, mengine ni ya kufungua na kufunga. OpenTTD na Battle for Wesnoth yatakumaliza wiki, 0 A.D. ni zuri kwa macho, SuperTuxKart ni la kucheza na watoto. Na kabla hujauliza, Luanti, ile iliyokuwa inaitwa Minetest, sio Minecraft ya bure, ni injini tu, ukiifungua bila kushusha gemu ndani yake utakuta patupu, shusha VoxeLibre au Mineclonia ndo urudi kulalamika.