Nimezoea gobore, sasa naitaka kamera

SWALI: Mwalimu, kwa miaka mingi nimekuwa askari katika maonyesho ya vita vya kale. Sare nimeishona kwa mkono, gobore nalishindilia hata nikifumba macho. Sasa nataka filamu, ila kwenye usaili niliambiwa "umezidisha". Nimezidisha nini? Na je, nitaje sare na silaha yangu?

JIBU: Sauti, bila shaka, na mikono. Uwanjani mtazamaji yuko nyuma ya kamba, moshi wa baruti umemziba. Usipoanguka kwa kishindo hajui kama umepigwa. Kamera inakufuata hadi kwenye kope. Mimi niliyetoka huko huko kwenu nilijirekodi kwa simu, uso tu, nikisema maneno kama anayemnong'oneza mwenzake kwenye lindo.

Lakini kinachowashinda wengi wetu ni kurudia. Kwenye maonyesho ukifa adhuhuri umekufa, unalala ukihesabu mawingu. Kwenye filamu unaweza kufa asubuhi, na mchana ukapigwa picha ukila chakula chako cha mwisho, maana matukio hayafuati mpangilio wa hadithi. Tena kila tukio hurudiwa: kwa mbali, kwa karibu, kutoka begani kwa mwenzako. Ukiinua kibuyu kwa mkono wa kushoto kwenye neno "kesho", kiinue hapo hapo kila mara, la sivyo mhariri atashindwa kuunganisha vipande. Hili lifanyie mazoezi kuliko kilio.

Sare itaje. Gettysburg, filamu ya mwaka 1993 kuhusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ilijaa maelfu ya watu wa aina yetu waliovaa sare zao wenyewe. Ukiitwa kuwa mwigizaji wa ziada, nenda ukaone kazi inavyokwenda. Ila video ya usaili irekodi ukiwa na shati la kawaida, ukicheza mtu wa leo, usije ukabaki safu ya nyuma maisha yako yote. Na wakikupa koti lenye vifungo vya karne nyingine, vaa, nyamaza. (Najua inauma.)

Silaha ni suala jingine. Huko kwetu kila mtu hulinda gobore lake. Kwenye filamu yupo msimamizi wa silaha, na neno lake ndilo la mwisho. Risasi baridi, yaani yenye baruti tu bila kichwa cha risasi, huua ikiwa karibu: mwigizaji Jon-Erik Hexum alifariki mwaka 1984 baada ya kujifyatulia kichwani bastola yenye risasi hizo. Gobore lako liache nyumbani mpaka msimamizi aliombe mwenyewe.